Mekatilili wa Menza na Thamani ya Upinzani wa Wanyonge

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya akiombwa awataje mashujaa waliopigania uhuru wa nchi hii, aghalabu huanzia mwaka 1952 na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Ni nadra akumbuke kuwa takriban miaka arobaini kabla ya hapo, katika nyika iliyo nyuma ya miji ya Malindi na Kilifi, mjane wa Kigiriama aliyekwisha kuuaga ujana aliwakusanya watu wa kwao na kuwaapisha wasiitii serikali ya Mwingereza. Mjane huyo hakuwa na bunduki, hakupitia shule yoyote, wala hakushika wadhifa wowote katika baraza la wazee wa kabila lake. Alichokuwa nacho ni ulimi, ngoma, na imani ya watu katika mila zao.

Makala haya yanasimulia maisha ya Mekatilili wa Menza kwa nia ya kujibu swali moja: je, mnyonge hupata faida gani anapojitokeza hadharani kuipinga serikali ya mahali pake, ilhali anajua tangu mwanzo kuwa serikali hiyo inamzidi nguvu? Swali hili lafaa kujibiwa kwa uaminifu, kwa kuwa Wagiriama walilipa gharama kubwa kwa upinzani wao. Kumsifu Mekatilili bila kuitaja gharama hiyo ni kumgeuza sanamu, na sanamu haimfunzi mtu lolote.

Asili na Malezi Yake

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi, na baba yake aliitwa Menza. Hukadiriwa kuwa alizaliwa kati ya miaka ya 1840 na 1860 katika kijiji cha Mutsara wa Tsatsu, eneo la Ganze, ambalo leo limo katika Kaunti ya Kilifi. Wagiriama ni mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda, na desturi yao ni kumwita mama kwa jina la mwanawe. Mnyazi alipojifungua kifungua mimba na mtoto akaitwa Katilili, yeye akawa Mekatilili, yaani mama Katilili. Jina ambalo historia imelihifadhi, basi, ni jina la uzazi. Jambo hili si dogo, kwa kuwa kama tutakavyoona, hoja yake kuu mbele ya mkoloni ilikuwa hoja ya mzazi.

Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kuwa alikuwa binti wa pekee katika familia ya watoto watano, na kwamba ndugu yake mmoja, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena. Biashara hiyo ilikuwa balaa iliyoijua kila nyumba ya nyika. Mtoto aliyekua akisikia mama yake akimlilia mwana aliyechukuliwa akiwa hai hangehitaji kuelezwa maana ya mgeni anayekuja kijijini kutafuta vijana wenye nguvu.

Aliolewa, akazaa, kisha akafiwa na mume. Katika jamii iliyowapa wanaume usemi katika mambo ya hadhara, ujane ulimfungulia mlango ambao mke wa mtu asingeupita kwa wepesi. Mjane mwenye umri aliruhusiwa kusema mbele ya wazee. Mekatilili aliutumia mwanya huo mdogo kikamilifu.

Chanzo cha Mgogoro

Ili kuelewa ghadhabu ya mwaka 1913, yafaa tuelewe kwanza jinsi Wagiriama walivyoishi. Walikuwa wakulima na wafanyabiashara waliojitegemea. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walitoka katika kaya yao ya asili, Kaya Fungo, wakaenea kaskazini hadi mto Sabaki na kuuvuka. Ardhi ya bonde la mto huo ilikuwa na rutuba, nao walivuna nafaka za kula na za kuuza katika miji ya pwani. Mtu mwenye ghala lililojaa hana sababu ya kwenda kumlimia mwenzake kwa ujira wa kijungu jiko.

Hapo ndipo maslahi yao yalipogongana na ya serikali. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika ukanda wa pwani, na mashamba yaliyokuwa yakitegemea jasho la watumwa yakakosa wafanyakazi. Aidha, walowezi wa Kizungu walikuwa wameanzisha mashamba yao pande za Malindi. Serikali ya Mombasa, chini ya Mkuu wa Mkoa Charles Hobley, iliwatazama Wagiriama ikaona nguvukazi isiyotumika. Kodi ya nyumba ilikuwa njia mojawapo ya kuwasukuma, kwa maana anayedaiwa fedha taslimu hulazimika kutafuta kazi ya fedha taslimu.

Mnamo mwaka 1912 afisa kijana aliyeitwa Arthur Champion alipelekwa Ugiriama kama msaidizi wa mkuu wa wilaya. Alipewa majukumu ya kukusanya kodi, kuwasimamia machifu walioteuliwa na serikali, na kuwapata vijana wa kwenda kufanya kazi nje ya kwao. Machifu hao ndio waliokuwa kiini cha udhia. Wagiriama hawakuwahi kutawaliwa na mtu mmoja. Waliamuliwa na mabaraza ya wazee. Ghafla walitokea watu waliokuwa majirani zao jana, leo wakitoa amri kwa niaba ya mgeni. Wazee walivuliwa mamlaka pasi na kuulizwa, na mzazi akaambiwa amtoe mwanawe pasi na kuelezwa atarudi lini.

Ngoma, Kuku na Kiapo

Mekatilili hakuanza kwa vita. Alianza kwa kuzunguka. Alikwenda kijiji baada ya kijiji, na popote alipofika alicheza kifudu, ngoma ya heshima inayohusishwa na matanga na kumbukumbu za wahenga. Ngoma iliwavuta watu, na umati ulipojaa, alisema. Waliomsikiliza walimfuata hadi kijiji cha pili, na kundi likaongezeka. Tukiyatazama mambo haya kwa istilahi za leo, hayo yalikuwa maandamano.

Kwa sisi wanafunzi wa fasihi simulizi, hapa pana funzo la kuzingatia. Mara nyingi tunaorodhesha dhima za ngoma na miviga katika mitihani: kuburudisha, kuelimisha, kuunganisha jamii. Mekatilili alizitumia dhima hizo zote kwa pamoja katika jambo la kufa na kupona. Kuchagua ngoma ya matanga kulikuwa na maana ambayo mtazamaji wa Kigiriama hangeikosa: palikuwa na kifo kinachoomboleza, na kilichokuwa kikifa ni jamii yenyewe. Vivyo hivyo, alimkumbusha kila mtu habari za Mepoho, nabii mwanamke wa Kigiriama ambaye kwa mujibu wa masimulizi alitabiri ujio wa wageni na kuvurugika kwa mila. Kwa njia hiyo, alichokuwa akikisema yeye kilikuwa mwendelezo wa sauti waliyoiamini tangu zamani.

Agosti 1913 Champion aliitisha mkutano wa hadhara ili aeleze haja ya serikali ya kupata vijana. Masimulizi yanasema Mekatilili alifika akiwa amembeba kuku mwenye vifaranga. Alimweka kuku chini mbele ya afisa, kisha akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion aliponyosha mkono, kuku alimdonoa. Mekatilili akawaeleza wote waliokuwapo kuwa hivyo ndivyo atakavyofanyiwa yeyote atakayejaribu kuwachukua wana wa Wagiriama. Yapo masimulizi yanayoongeza kuwa mkutano ulivunjika kwa fujo na risasi. Liwalo na liwe, kisa cha kuku kimedumu kwa zaidi ya karne moja kwa sababu kinaeleweka hata na mtoto. Hakikuhitaji mkalimani, na afisa mwenyewe alikielewa. Wanaotafuta mfano wa sitiari iliyoigizwa hawana haja ya kwenda mbali.

Baada ya hapo palifuata kiapo. Watu walikusanyika Kaya Fungo kwa wingi, jambo lililokuwa halijaonekana kwa miaka mingi, kwani kaya ilikuwa imebaki mikononi mwa wazee wachache. Wanawake walikula kiapo chao kiitwacho mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi, ambacho kiliogopwa mno. Walioapa walikatazwa kulipa kodi, kuwafanyia kazi Wazungu, na kushirikiana na machifu wa serikali. Mshirika mkuu wa Mekatilili katika shughuli hii alikuwa Wanje wa Mwadorikola.

Matokeo yalionekana upesi. Champion alitoa amri zisiwe na wa kuzitimiza. Wengi wa machifu wake walikaa kimya. Kiapo kilikuwa kimewafikia nao pia. Ni kweli kuwa katika utii huo kulikuwa na hofu, maana aliyevunja kiapo aliamini kuwa angeangamia. Msomi mwaminifu hawezi kulificha hilo. Hata hivyo, hofu pekee haiwezi kueleza jinsi eneo kubwa namna ile lilivyokubaliana kwa muda mfupi. Watu hawakubali kuapishwa juu ya jambo ambalo hawajalikubali mioyoni mwao.

Kisii na Safari ya Kurudi

Serikali ilijibu kwa kumkamata. Mnamo Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walitiwa nguvuni, wakahukumiwa kifungo cha uhamishoni cha miaka mitano na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Wazee waliamrishwa kukitangua kiapo, na kaya ikafungwa. Bila shaka Hobley na wenzake walidhani kuwa kichwa kikikatwa, kiwiliwili kitalala.

Kisii na nyika ya Ugiriama zimetenganishwa na zaidi ya kilomita 600 hata mtu akipima kwa mstari ulionyooka. Katikati yake kuna Bonde la Ufa, mbuga za wanyama wakali, na jamii ambazo mgeni kutoka pwani hakuzijua lugha zake. Mnamo Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka gerezani wakaanza safari ya kurudi kwao, sehemu kubwa kwa miguu. Wakati huo Mekatilili alikuwa amekaribia miaka sitini kama si zaidi. Walifika.

Hakuna hotuba ambayo ingalifanya kazi iliyofanywa na kurudi huko. Serikali ilikuwa imewaambia Wagiriama kuwa mikono yake ni mirefu na kuta zake hazipitiki. Sasa walimwona yule yule mwanamke amesimama mbele yao. Kiapo kilichodhaniwa kuwa kimetanguliwa kikapata nguvu upya.

Moto wa Kaya Fungo

Serikali iliamua kukata mzizi. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Mahali palipozikwa fingo za kabila, palipofanyiwa matambiko na kutolewa hukumu kwa vizazi na vizazi, pakawa vifusi na majivu. Siku chache baadaye Mekatilili alikamatwa tena, akarudishwa uhamishoni.

Kitendo hicho kilileta kile ambacho serikali ilidai kukizuia. Wagiriama walishika pinde na mishale. Majeshi ya mkoloni yaliyokuwa yakijiandaa kwa vita na Wajerumani yalielekezwa kwao, na kwa majuma kadhaa nyumba zilichomwa, mifugo ikatwaliwa, na watu wakapigwa risasi. Mshale haukuifikia bunduki. Kufikia Oktoba 1914 wazee walilazimika kuyakubali masharti ya amani: faini ya rupia 100,000, kutoa vijana 1,000 wa kufanya kazi, na kuihama ardhi yenye rutuba iliyokuwa kaskazini mwa Sabaki. Njaa na umaskini viliwafuata waliohamishwa.

Gharama na Faida

Hapa ndipo penye mzozo wa hoja. Wapo wanaosema kuwa Mekatilili aliwaponza watu wake. Wangelipa kodi, wangetoa vijana wachache, na nyumba zao zingebaki zimesimama. Hoja hii haifai kubezwa. Aliyepoteza mtoto, ghala na shamba katika mwaka mmoja ana haki ya kuuliza alichopewa badala yake.

Hata hivyo, hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, inachukulia kuwa utii ungeleta amani. Jamii nyingi za Kenya zilizotii, au zilizotiishwa mapema, hazikunusurika. Zilinyang'anywa ardhi, na vijana wao walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wakafia njiani kwa maradhi na njaa. Kwa hivyo, kulinganisha mateso ya Wagiriama na raha ambayo haikuwapo si haki. Pili, inamtwika mpingaji lawama ya aliyewasha moto. Mekatilili aliongoza kwa ngoma, kwa neno na kwa kiapo cha kukataa kushirikiana. Aliyeleta baruti ni serikali.

Faida zilikuwapo pia, ingawa hazikuja upesi. Masharti ya amani yalithibitika kuwa magumu kuyatekeleza, na serikali yenyewe ikalazimika kuyachunguza upya mambo ya Ugiriama. Kabla ya muongo huo kwisha, marufuku ya kukaa ng'ambo ya Sabaki yalilegezwa na watu wakaanza kurejea. Mpango wa kuwageuza Wagiriama wote kuwa vibarua wa mashamba ya wengine haukufaulu kama ulivyokusudiwa.

Faida nyingine haipimiki kwa rupia. Kabla ya mwaka 1913 Wagiriama walikuwa wametawanyika, kila ukoo na shamba lake, wazee hawasikilizwi na kaya imeachwa upweke. Katika kupinga, walijigundua upya kuwa watu wamoja. Wanawake, ambao hawakuwa na kiti barazani, walikula kiapo chao wenyewe na kuhesabiwa miongoni mwa walioamua. Mtu aliyeshiriki katika uamuzi mara moja hasahau.

Kurejea Kwake na Mwisho wa Maisha

Mekatilili na Wanje walirudi nyumbani mwaka 1919. Kaya Fungo ilifufuliwa, na simulizi za historia yake zinaeleza kuwa Wanje alishika uongozi wa baraza la wanaume naye Mekatilili akaongoza la wanawake. Hili ni jambo la kustaajabisha: serikali ile ile iliyoilipua kaya mwaka 1914 iliona, baada ya miaka mitano, kuwa nyika haitawaliki bila kaya na bila watu wale wale iliowafukuza.

Alifariki dunia mwaka 1924, akazikwa Bungale katika eneo la Magarini. Kwa muda mrefu jina lake lilibaki zaidi katika masimulizi ya watu wake kuliko katika vitabu vya shule. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi, na Wamijikenda hufanya tamasha la kumkumbuka. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Hitimisho

Haki ambayo Mekatilili aliitumia bila kupewa sasa imeandikwa. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliitumia haki hiyo kuupinga Mswada wa Fedha. Mswada ukakataliwa na Rais, lakini makumi ya watu walikuwa wamepoteza maisha. Swali lililowakabili wazazi wa vijana hao ndilo lililowakabili Wagiriama: je, ilistahili?

Maisha ya Mekatilili hayatoi jibu jepesi, ila yanatoa mwongozo. Yanaonyesha kuwa upinzani wenye maana huanza kijijini, juu ya jambo ambalo kila mtu analijua kwa jina, kama vile mtoto, shamba au ghala. Yanaonyesha kuwa lugha na sanaa ya jamii si mapambo ya upinzani bali ni misuli yake; umati uliomfuata Mekatilili ulijengwa na ngoma na sitiari kabla ya kuunganishwa na kiapo. Yanaonyesha pia kuwa mafanikio hayapimwi jioni ya siku ya maandamano. Mwaka 1914 Mekatilili alikuwa mfungwa wa jamii iliyoshindwa. Mwaka 1919 alikuwa kiongozi katika kaya iliyofufuka.

Sisi tunaosoma Kiswahili na fasihi yake tuna wajibu wa pekee katika jambo hili. Habari nyingi za Mekatilili zimehifadhiwa na wazee wa nyika, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, nao wanapungua kila mwaka. Mtafiti anayetafuta mada ya tasnifu asisubiri hadi wote waondoke. Aende Ganze, aende Magarini, aketi chini ya mwembe asikilize. Mwanamke aliyevuka nchi nzima kwa miguu ili arudi kusema na watu wake anastahili kusikilizwa na mtu anayeweza kumfikia kwa basi la siku moja.